Mimba ya Mchanga

Tarehe 28 Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Mandera. Siku chache baadaye walikuwa Wajir, halafu Marsabit, Garissa, Isiolo, Samburu. Sisi wa mijini tuliwaona kwenye simu: anga limegeuka rangi ya kutu, watoto wanapiga madebe, mama anapunga shuka juu ya mbuzi wake, na sauti ya mabawa kama mvua juu ya mabati. Nairobi watu walisambaza video, wakatunga utani, wakasema mambo ya Farao yamerudi. Nimezirudia video hizo mara nyingi nikiandaa makala hii, na karibu zote zinafanana kwa jambo moja. Aliyeshika simu ameielekeza juu.

Mimi nataka tuangalie chini. Nzige tunamjua kama kiumbe wa anga, lakini maisha yake yanaanza kwenye shimo. Na kama kuna wakati binadamu anaweza kumshinda kwa gharama ndogo, ni wakati bado hajapata mabawa. Nikisoma historia ya nzige Kaskazini Mashariki, kutoka enzi za mkoloni hadi juzi, naona mtindo mmoja unajirudia: serikali inakuja anga likijaa, na inaondoka anga likiwa safi. Katikati ya hizo safari mbili mchanga unafanya kazi yake, na hakuna anayeandika.

Tuanze na ukoo wenyewe. Nyenje, panzi, senene na nzige ni jamaa. Wote wana ile miguu mirefu ya nyuma ya kurukia, na wote wana meno ya kutafuna. Katika ukoo huo, fundi wa mashimo ni nyenje, hasa yule mkubwa wa kahawia anayependa udongo wa kichanga, ambaye sehemu nyingine huitwa chenene. Yeye huchimba handaki lake mwenyewe, hushinda humo mchana, na usiku hutoka kukata majani na kuyavuta ndani. Dume hukaa mlangoni akisugua mabawa yake mpaka mtaa mzima unakosa usingizi. Nyenje ni mtu wa nyumbani. Shimo ni chumba chake, ghala lake na spika yake.

Nzige hana nyumba. Anaazima ardhi kwa kazi moja tu, kutaga, na kazi hiyo anaifanya kwa ufundi ambao nyenje angeuonea wivu. Jike anatafuta mchanga ulio wazi, usio na majani mengi, mkavu juu lakini wenye unyevu chini. Anaujaribu kwa ncha ya tumbo lake. Akiona haufai, anachomoa na kusogea mahali pengine. Akiridhika, anaanza kuchimba kwa vijino vigumu vilivyo kwenye ncha hiyo, vinavyofunguka na kufumba kama koleo, na tumbo lake linarefuka mara mbili au tatu ya urefu wake wa kawaida. Mayai yanawekwa kwenye kina cha sentimita 10 hadi 15. Yamepangwa pamoja kama punje za mpunga kwenye kifuko kimoja, na juu yake jike anamwaga povu linaloziba shimo hadi karibu na uso wa ardhi. Povu likikauka linakuwa kama kizibo. Ukipita hapo huoni kitu.

Nzige wanaosafiri kwa kundi huwa na mayai yasiyozidi 80 hivi kwa kifuko, na jike mmoja anaweza kutaga mara tatu maishani mwake, akipumzika siku 6 hadi 11 kati ya uzazi mmoja na mwingine. Na hawatagi wakiwa wametawanyika. Wanabanana mahali pamoja, kiasi kwamba wataalamu wamewahi kuhesabu vifuko 1,000 ndani ya mita moja ya mraba. Piga hesabu mwenyewe. Mahali unapoweza kutandika mkeka wa kuswalia pana mayai makumi ya maelfu, na ng'ombe anapita juu yake akitafuta nyasi.

Yai hunywa maji ya udongo. Bila unyevu linakauka na kufa. Unyevu ukiwepo na joto likiwa la kwetu, linaanguliwa baada ya wiki mbili hivi, ingawa kwenye baridi linaweza kuchukua hadi siku 65. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Watu husema mayai ya nzige hulala ardhini miaka na miaka yakisubiri. Mayai ya nzige wa jangwani hayana usingizi huo. Ni ama yaanguliwe ndani ya wiki hizo chache, ama yaharibike. Kwa hiyo siri ya mchanga ina tarehe yake ya mwisho, na mtu anayejua siku walipotaga anaweza kuhesabu siku watakapotoka.

Wanaotoka ni tunutu, watoto wasio na mabawa. Wale wa kundi huwa weusi, halafu weusi wenye manjano, na hutembea pamoja kwa miguu kama maandamano, wakiruka na kula. Hali hiyo huchukua kama wiki tano au sita, wakijivua ngozi mara tano. Ngozi ya mwisho ikitoka, mabawa yapo. Kuanzia hapo wanaweza kwenda kilomita 100 au 150 kwa siku wakisukumwa na upepo, na kilomita moja ya mraba ya kundi inaweza kuwa na nzige milioni 80. Kila mmoja anakula takriban uzito wake, gramu 2, kwa siku. Kwa hesabu za FAO, kundi la ukubwa huo hula kwa siku chakula cha watu 35,000.

Wiki mbili za mayai na wiki tano au sita za tunutu. Karibu miezi miwili ya kuwa chini. Tuiweke hesabu hiyo kichwani tukienda kwenye historia, kwa sababu ndiyo kipimo nitakachotumia.

*

Kwa muda mrefu wanasayansi wenyewe hawakujua nzige hutoka wapi. Kundi linatokea, linaharibu, linapotea, na miaka inapita kimya. Mwaka 1921 Boris Uvarov, Mrusi aliyekuwa amehamia London, alichapisha hoja iliyobadilisha kila kitu: aina mbili za panzi zilizodhaniwa kuwa tofauti zilikuwa mdudu mmoja mwenye tabia mbili. Akiwa peke yake ni mpole, rangi yake inafanana na mazingira, anaruka usiku na kukwepa wenzake. Wakibanana, wanabadilika rangi, wanaanza kutafutana na wanatembea pamoja mchana. Baadaye ilibainika kuwa nzige wa jangwani naye yuko hivyo hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha kinachotokea ndani ya mwili: kuguswaguswa miguu ya nyuma na wenzake kunapandisha serotonini, kemikali ile ile inayohusika na hisia zetu sisi, na ndani ya saa chache tu mpole anakuwa mtu wa genge. Zaidi ya hapo, mama aliyeishi kwenye msongamano huzaa watoto ambao tayari wameelemea upande wa kundi. Yaani ugenge unaanza kwenye yai, chini ya mchanga.

Wazee wa Kisomali hawakuwa na serotonini kwenye msamiati wao, ila walikuwa na methali. *Ayax teg, eelna reeb.* Nzige ameenda, na balaa ameiacha. Watu huitumia siku hizi kwa kiongozi mbaya aliyetoka madarakani au mgeni aliyevuruga nyumba ya watu, lakini ukiisikiliza kwa sikio la mfugaji ni maelezo ya kawaida kabisa. Unaona kundi linaondoka, unashukuru Mungu, na wiki mbili baadaye ardhi inatapika. Hata Qur'ani, katika sura ya Al-Qamar, inawafananisha watu watakaotoka makaburini Siku ya Kiyama na nzige waliotawanyika. Mfano huo niliusikia madrasa nikauona wa ajabu, maana nilifikiria nzige wakiruka. Ukiwahi kuona tunutu wakitoka ardhini, wanafuatana, wamejaa vumbi, hawajui waendako ila wanaenda, mfano unakaa sawasawa.

Kwa hiyo elimu ya kwamba tatizo liko chini haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuipeleka mahali panapotolewa amri.

*

Mkoloni aliiita sehemu hii Northern Frontier District, kwa kifupi NFD: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit, Isiolo. Sheria ya wilaya za pembeni ya mwaka 1902 iliifunga, kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Sheria ya wilaya maalum ya 1934 ikakaza zaidi. Kazi ya eneo hili, kwa macho ya Nairobi, ilikuwa kuwa ukuta kati ya Ethiopia na Somalia upande mmoja, na mashamba ya walowezi upande mwingine.

Nzige wa mwaka 1928 hawakuomba kibali. Waliingia Kenya wakati wa wimbi kubwa lililodumu kutoka 1926 hadi 1934, na pamoja na ukame wa miaka ile wakaacha njaa sehemu nyingi za nchi. Hofu ya serikali ilikuwa juu ya mahindi na ngano ya nyanda za juu. Silaha ya siku hizo ilikuwa mitaro ya kuzikia tunutu, na pumba za nafaka zilizochanganywa na arseniki, ambazo zilimwagwa njiani ili tunutu wale wafe. Kwa mkulima mwenye ua na zizi, pumba zenye sumu ni jambo la kuangalia. Kwa mfugaji ambaye mifugo yake hula popote, ni habari nyingine. Mwaka 1945, katika Somaliland iliyotawaliwa na Uingereza, wafugaji walizipinga pumba hizo vikali wakiamini zinaua mifugo yao. Unapomwambia mtu mwenye ngamia kwamba umemwaga sumu juu ya ardhi anayolisha ili kulinda shamba la mtu aliye mbali, usishangae akikukatalia.

Hapo ndipo naona mzizi wa jambo lote. Katika vitabu vya serikali, nzige akila hindi amekula mazao. Akila nyasi amekula nini? Nyasi za Garissa hazina mmiliki mwenye hati, hazina gunia, hazina bei sokoni. Bei yake inaonekana baadaye, kwenye maziwa na kwenye mnada wa mbuzi. Kwa hiyo nzige wa NFD alihesabiwa alipokaribia kutoka NFD.

Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia wimbi jingine lilianza, na safari hii Waingereza walikuwa na haraka kwa sababu chakula cha majeshi kilikuwa hatarini. Uvarov akawa ndiye kichwa cha kazi hiyo kutoka London, na swali lake lilikuwa la chini, siyo la juu: wanazaliana wapi? Mwaka 1945 kikosi cha kupambana na nzige kilimwajiri Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1910, akatafute mazalia kusini mwa Uarabuni. Ndivyo alivyopata nafasi ya kuvuka Robo Tupu, lile jangwa kubwa la mchanga, kwa ngamia akiongozwa na Mabedui, kati ya 1946 na 1948. Dunia inamkumbuka kama msafiri. Kwenye karatasi za mshahara alikuwa mtu wa kuangalia kama mchanga una mvua na kama mvua imeleta majani. Uzeeni aliishi Maralal, kaunti ya Samburu, miaka mingi.

Nairobi nayo ikawa makao ya utafiti baada ya vita. Huko alifanya kazi Reginald Rainey, ambaye mwaka 1951 alieleza kwamba makundi ya nzige hufuata upepo hadi pale pepo zinapokutana, na pepo zinapokutana mvua hunyesha. Nzige hahitaji kujua jiografia. Akiachia upepo umpeleke, atafika kwenye mchanga wenye unyevu. Kwetu upepo huo una jina la zamani. Ni kaskazi, ule ule ulioleta majahazi kutoka Uarabuni hadi Lamu na Mombasa. Majahazi yalileta tende na mazulia, na bara, kaskazini mwa Tana, upepo ulileta ayax.

Mwanzoni mwa 1954 makundi 50 yalikuwa Kenya, yakifunika jumla ya kilomita za mraba 1,000, moja likiwa peke yake na kilomita za mraba 200. Ndege zilianza kutumika, na dawa mpya iitwayo dieldrin ikamwagwa kwa mistari jangwani ili tunutu wapite juu yake wafe. Ilifanya kazi kwa sababu ilidumu muda mrefu ardhini. Kwa sababu hiyo hiyo ilikuja kupigwa marufuku, maana ilijikusanya kwenye mafuta ya wanyama na maziwa. Mwaka 1962 nchi za eneo hili ziliunda shirika la pamoja la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO-EA, makao yake Addis Ababa, na mwaka 1963 wimbi kubwa likaisha.

Mwaka huo huo wa 1963 Kenya ilipata uhuru, na Kaskazini Mashariki ikaingia kwenye vita vya shifta vilivyodumu hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki huku hadi 1991. Ardhi ambayo mtu anazuiwa kuitembea haiwezi kuchunguzwa vizuri, iwe ni na mtafiti mwenye jembe dogo au na mfugaji mwenye macho. Kisha Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende kwanza penye rutuba na mvua, ambapo zitazaa haraka. Nyasi zikakosa tena jina kwenye daftari. Nzige nao wakawa wa kuonekana mara chache na kwa uchache, kama mwaka 2007, na taifa likasahau. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1954 alikuwa na miaka 76 hivi walipokuja tena.

*

Walikuja kutoka Robo Tupu. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Oman na kuacha maziwa ya maji katikati ya mchanga ule ule aliokuwa akiukagua Thesiger. Kabla haujakauka, Oktoba mwaka huo kikaja kimbunga Luban. Hakuna mtu anayeishi huko wa kuangalia chini. Ndani ya miezi tisa nzige walizaa vizazi vitatu, ongezeko ambalo FAO ililikadiria kuwa mara 8,000. Walienda Yemen, na Yemen kulikuwa na vita. Katikati ya 2019 walivuka Ghuba ya Aden hadi Ethiopia na Somalia. Mwaka huo Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida, mvua za vuli zikapita kiasi, Wajir na Mandera zikafurika. Mwanzoni mwa Desemba kimbunga Pawan kikaiongezea Somalia maji. Halafu kaskazi likavuma.

Januari 2020 FAO ilitaja kundi moja kaskazini mashariki mwa Kenya lenye urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Ilisemwa kuwa ni uvamizi mbaya zaidi nchini kwa miaka 70. Waliofika mwanzo walikuwa na rangi ya waridi, yaani bado hawajakomaa. Kufikia Februari wengi walikuwa manjano, na manjano maana yake tayari kutaga.

Nilimuuliza abti yangu, mjomba upande wa mama, anayefuga kaskazini mwa kaunti ya Garissa, kuhusu mwezi huo. Tulikuwa mjini, ametoka soko la mifugo, anakunywa chai ya maziwa ya ngamia.

"Abti, ulijuaje wametaga?"

"Walishuka jioni kwenye laga, manjano wote, wamepandana. Asubuhi hawakuondoka. Nzige asiyeondoka jua likiwaka ana shughuli, abti." Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja. "Nikakwangua mchanga kwa fimbo. Povu limekauka, chini yake manjano kama mchele wa pilau."

"Ukamwambia nani?"

"Chifu. Akasema ameandika, ndege itakuja. Nikamwambia ndege ya nini, hawa wako chini, nipe vijana 20 na chepe, au ningoje watoke nikuonyeshe wapi. Akasema ndege itakuja."

"Ikaja?"

"Ilikuja. Wao walikuwa wamepata mabawa, wameenda Isiolo huko. Ikamwaga dawa kwenye waliobaki, na tukaambiwa tusilishe hapo kwa siku kadhaa. Mbuzi ukimwambia siku kadhaa, anakuelewa?"

Simlaumu chifu wake. Kwa mwaka ule nchi ilikuwa na ndege chache, dawa ikawa inasubiriwa kutoka nje, vijana wa NYS walifunzwa haraka na kupelekwa na mapampu ya mgongoni, na Machi korona ikaingia na kufunga njia za mizigo duniani. Waliofanya kazi walifanya kazi kweli. Watafiti wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walichora ramani ya mahali udongo na hali ya hewa vinafaa mayai. Upande wa Kenya majina yaliyotokea yalikuwa Mandera, Wajir, Garissa, Marsabit na Turkana. Programu ya simu, eLocust3m, ilitolewa ili mtu yeyote aweze kuripoti alichoona pamoja na mahali penyewe. Vyombo vya kuangalia chini vilianza kuwepo.

Ila fedha nyingi na macho mengi vilibaki juu. Dawa inayomwagwa na ndege haifiki sentimita 10 chini ya mchanga. Inaua walio nje, na ni bora wakiwa tunutu, wamekusanyika, hawawezi kukimbia. Kila wiki iliyopotea kati ya povu na mabawa iligeuka kilomita nyingine za mraba angani. Na dawa zenyewe zilikuwa na bei kwa wenyeji. Nzige ni halali kwa Mwislamu, na wazee wanakumbuka jinsi walivyokaangwa. Mwaka 2020 onyo lilikuwa msile, wamepuliziwa. Balaa lililokuwa likija na kitoweo chake lilikuja mikono mitupu.

*

Kufikia mwanzo wa 2022 wimbi lilikuwa limekwisha. Ukisoma taarifa za ushindi, utaona ndege, lita za dawa na hekta zilizopuliziwa, na ni kweli vilichangia. Kuna kitu kingine kilichochangia ambacho hakuna aliyekipigia makofi. Mvua zilikatika. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilishindwa. Mchanga uliokauka juu ukakauka na chini, na jike wa nzige akijaribu kwa ncha ya tumbo hapati pa kuweka. Ukame ulioua mayai ya nzige ndio ulioua zaidi ya mifugo milioni 2 ya Kenya, wengi wao huku kwetu. Abti alipoteza ng'ombe wote na kubaki na ngamia na mbuzi wachache. Ukimwambia kwamba nzige walishindwa, anauliza walishindwa na nani.

Mwisho wa 2023 mvua ilirudi kwa hasira. Tana ilifurika, barabara ya kuingia Garissa kutoka Madogo ikakatika pale Kona Punda, watu wakavuka kwa mashua. Mchanga wa laga ukalewa maji. Ungekuwa mwaka mzuri kwa mayai, lakini wazazi hawakuwepo, na bila wazazi unyevu unaleta nyasi tu. Mimi naona hapo tulipewa nafasi: ardhi iko tayari, nzige hawajafika, tunajua upepo utakaowaleta na tunajua wiki mbili zile.

Maana watakuja. Vimbunga katika kona hii ya Bahari ya Hindi vimekuwa vikali zaidi, Yemen na Somalia bado hazijatulia, na kaskazi linavuma kila mwaka. Swali ni nani atakuwa analipwa kuangalia chini siku hiyo. Ndege inahitaji mamilioni na kibali cha kuvuka mpaka. Mtu wa kukagua laga anahitaji simu yenye chaji, posho ndogo ya kila mwezi hata miaka ambayo hakuna nzige, namba ya mtu atakayepokea, na kikosi kitakachofika ndani ya siku 14. Kaunti zetu zina bajeti tangu 2013. Wafugaji wanaozijua laga hizo kwa majina wapo, ingawa waliowahi kuona 1954 wanazidi kupungua, na yale waliyoyajua hayajarekodiwa mahali ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa anaweza kuyapata.

Ningependa yaanze kuandikwa, hata kwenye daftari la shule: siku nzige walipotua, rangi yao, laga gani, walikaa siku ngapi, tunutu walitoka lini, wakaelekea wapi. Mistari sita. Vitabu vya London vina miaka mia ya makundi yaliyoonekana angani. Sisi tuna mchanga wenyewe, na kila kizazi cha nzige kimetupa karibu miezi miwili ya kusoma kilichoandikwa humo kabla hakijapata mabawa.